Kola ya Lesi Iliyorudishwa Gyumri

Isome taratibu. Ukifika mwisho, kabla hujaituma kwenye kundi lolote, itume kwanza kwa yule mtu mmoja ambaye hamjazungumza siku nyingi.

Habari hii nilisimuliwa na dada mmoja wa Marangu anayeitwa Aikande. Ni mwaka wa kumi na mbili sasa anafanya kazi katika mji mmoja wa baridi kali, kaskazini mwa Ulaya. Sehemu ya habari aliiona kwa macho yake. Sehemu nyingine alielezwa na mwenyewe aliyepatwa. Nami naieleza kama nilivyoipokea.

Katika nchi ya Armenia kuna mji unaoitwa Gyumri. Mwaka 1988, mwezi wa Desemba, tetemeko la ardhi liliupiga mji huo kabla ya adhuhuri, watoto wakiwa shuleni na wakubwa wakiwa kazini. Mwanamke mmoja aitwaye Satenik Melkonyan alipoteza nyumba siku ile, na akampoteza mumewe. Alibaki na binti wa miaka minne, Arpine, na sindano tatu zilizokuwa mfukoni mwa aproni yake.

Walipewa kontena la chuma wakae kwa muda, hadi nyumba zijengwe. Muda huo ukawa miaka kumi na mmoja.

Satenik alijua kazi moja tu, kushona lesi kwa sindano. Ni kazi ya uzi mmoja na fundo dogo, kisha fundo jingine, maelfu kwa maelfu, mpaka uzi unageuka kuwa maua na majani. Alishona vitambaa vya meza, hereni nyepesi za uzi, na kola ambazo wanawake huvaa juu ya gauni. Alishona huku theluji ikipiga bati la kontena, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kwa lesi hizo Arpine alikula, akavaa, akasoma.

Watu wa Gyumri walikuwa wakisema kwamba lesi ya Satenik unaweza kuitazama upande wa nyuma na usijue kama ni nyuma. Haikuwa na mshono hata mmoja uliokosea.

Arpine alikuwa na akili darasani. Akiwa na miaka ishirini na miwili alipata nafasi ya kwenda kusoma nje, akamaliza, akapata kazi nzuri katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Kila majira ya joto alirudi Gyumri kumwona mama yake. Wakati huo Satenik alikuwa ameshapata nyumba ya mawe, ndogo, ya vyumba viwili. Mambo yalikuwa yamekaa sawa.

Mpaka majira ya joto fulani, miaka tisa kabla ya haya ninayoyaeleza.

Mwaka huo Arpine alikuja na karatasi za safari. Alitaka mama yake ahamie kwake kabisa.

"Mama, nimekuandalia chumba," alimwambia. "Kina joto. Kuna lifti. Hutabeba kuni tena."

Satenik aliendelea kushona. "Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba amekufa, mama. Ni miaka zaidi ya ishirini."

"Kaburi lake nani atalifagia?"

Arpine alikasirika. Alikuwa amehangaika mwaka mzima kutafuta karatasi zile. "Kwa hiyo kaburi ni bora kuliko mimi? Basi kaa nalo. Kaa na kaburi lako na sindano zako. Maisha yangu yote nimekuona umeinama tu, hata nikikusemesha huniangalii, unaangalia uzi!"

Maneno hayo yalimchoma Satenik. Naye alikuwa mtu wa hasira za haraka. Akasema neno ambalo alilijutia kabla halijaisha kutoka mdomoni:

"Ukitoka kwenye mlango huo kwa namna hiyo, usinipigie simu."

Arpine akatoka. Na hakupiga.

Mama alingoja mtoto avunje kiburi. Mtoto alingoja mama afute neno lake. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na kadiri ukimya ulivyorefuka ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu kuvunjwa. Arpine alibadilisha namba ya simu kwa sababu za kazi, akajiambia atampelekea mama namba mpya wiki ijayo. Wiki hiyo haikufika. Ikafika miaka tisa.

Sasa, katika mji mkuu wa Armenia, Yerevan, kulikuwa na mtu anayeitwa Vahram, mwenye duka la zawadi za kazi ya mikono. Aliuza hereni za madini ya fedha zenye umbo la komamanga, mikufu yenye herufi za Kiarmenia, pete za jiwe jeusi la volkano, skafu za hariri na lesi. Aliuza dukani na aliuza mtandaoni, na wateja wake wengi walikuwa Waarmenia walioishi mbali. Kila kitu kilichotoka dukani kwake kilikuwa na kadi ndogo yenye jina la aliyekitengeneza na mji wake. Kwa miaka mingi Satenik alikuwa mmoja wa mafundi wake.

Mwanzoni mwa mwaka ambao ukimya ule ulitimiza miaka tisa, Satenik alimpigia simu Vahram na kumwambia asimpelekee kazi tena.

"Macho, mwanangu," alisema. "La kulia limeshazima. La kushoto limechoka."

Vahram alisikitika, akamtakia afya, akafuta jina lake kwenye orodha ya mafundi.

Mwezi uleule, kule Ulaya, kampuni ya Arpine ilikuwa inajiandaa kusherehekea miaka ishirini. Sherehe ilipangwa kufanyika mwezi wa Mei. Mkurugenzi akamwita Arpine.

"Wewe ni Mwarmenia. Nasikia kwenu kuna mafundi wa vito. Tutafutie zawadi za wageni, kitu ambacho hakiuzwi kila duka."

Arpine akaingia mtandaoni. Siku tatu alichagua, na Aikande, ambaye meza yake ilikuwa pembeni yake, alimsaidia. Walichagua hereni za komamanga kwa wageni wa kike na visanduku vya mbao kwa wageni wa kiume. Arpine akachangamka, jambo ambalo Aikande hakuwa amelizoea. Alimweleza maana ya kila umbo na kila herufi. Kisha akakuta picha ya kola ya lesi.

Akaikuza picha ijae kioo.

"Hiyo ni nzuri," Aikande alisema. "Jinunulie. Uivae siku ya sherehe."

"Kwetu kila mwanamke mzee anashona hizi," Arpine alijibu. Lakini akaagiza moja, akaandika vipimo vya shingo yake, tarehe ya sherehe na jina lake kamili.

Agizo hilo lilimfikia Vahram. Fundi wa lesi aliyebaki alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo Vahram akampigia Satenik kuuliza kama anamfahamu mtu mwingine pale Gyumri anayeweza kushona kola moja.

"Ni ya nani?" Satenik aliuliza, kwa mazoea tu.

"Mama mmoja yuko Ulaya. Anaitwa Arpine Melkonyan. Ni ndugu yako?"

Satenik akaihamishia simu sikio la pili.

"Kina Melkonyan ni wengi," Satenik alisema. "Nipe vipimo. Nitaishona mimi."

"Si ulisema macho yamechoka?"

"Hii moja nitaiweza. Ila Vahram, safari hii usiweke kadi yangu. Kazi ya mtu mwenye macho mabovu haifai kubeba jina."

Vahram akakubali. Hakuona sababu ya kumbishia mtu aliyemheshimu kiasi kile.

Satenik alishona kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Mei. Kola ambayo zamani ingemchukua wiki mbili ilimchukua zaidi ya miezi miwili. Alikaa dirishani jua likichomoza, akasogea nalo, na likizama aliweka sindano chini. Mwishoni alishona kwa kupapasa. Alipomaliza aliifua, akaikausha juu ya taulo jeupe, akaituma.

Kifurushi kilimfikia Arpine siku mbili kabla ya sherehe. Alikifungulia ofisini. Akaitandaza kola juu ya meza, na uso wake ukabadilika.

"Tazama hii," alimwambia Aikande.

Upande wa kulia ulikuwa safi kabisa. Upande wa kushoto mstari wa maua ulikuwa umepinda, na sehemu mbili mishono ilikuwa imerukwa.

Unaweza kujiuliza kwa nini mtoto hakuitambua kazi ya mama yake. Sababu ni hiyohiyo. Lesi ya mama yake haikuwa na kosa. Alipoona kosa, mama yake ndiye mtu wa mwisho ambaye angemfikiria.

"Labda ukiivaa haitaonekana," Aikande alisema.

"Nimekulia kwenye lesi, Aikande. Najua kazi na najua ubabaishaji."

Hakuijaribu hata shingoni. Aliirudisha kwenye kifurushi, akachukua karatasi, akaandika kwa mkono, kwa Kiarmenia. Siku hiyohiyo akairudisha Yerevan. Kwenye sherehe alivaa mkufu wa dukani, na wakati wa chai aliwachekesha wenzake kwa habari ya kola iliyopinda. Aikande anasema kwamba yeye hakucheka, lakini pia hakusema kitu, na jambo hilo bado linamsumbua.

Vahram alipokipata kifurushi aliisoma barua, akaikunja. Utaratibu wa duka lake ulikuwa kila fundi aambiwe mteja amesema nini. Angeweza kuivunja sheria hiyo kwa ajili ya Mama Satenik. Lakini Satenik mwenyewe alikuwa akimpigia simu kila siku kuuliza kama kola imefika na kama mteja ameridhika. Vahram akaendesha gari hadi Gyumri kumwambia ana kwa ana.

"Mteja anasema kola haikumpendeza," alimwambia.

"Ameandika?"

"Ameandika."

"Soma."

"Mama Satenik, si lazima nisome yote."

"Soma kama ilivyo, mwanangu."

Vahram akasoma: "Kola hii imepinda upande wa kushoto na mishono imerukwa. Nimelipia kazi ya fundi, si ya mtu anayejifunza. Mwambieni aliyeshona kwamba kama hawezi tena, aache. Arpine Melkonyan."

Satenik alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo Vahram hakulitegemea.

"Ameandika kwa mashine au kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Nipe."

Vahram akamnyoshea karatasi. Mkono wa Satenik ukapita pembeni yake, ukashika hewa. Ukarudi, ukashika hewa tena. Hapo ndipo Vahram alipoelewa kwamba mama huyu haoni. Akamwekea karatasi kiganjani. Satenik akapitisha kidole juu ya maandishi, polepole, mstari kwa mstari, kana kwamba yangeweza kumwambia zaidi ya aliyosomewa. Akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi yake.

"Mjibu kwamba nimesikia," alisema. "Na nimeshaacha."

Vahram alidhani ameichukua barua ile kwa aibu, asiione mtu mwingine.

Kesho yake alimpeleka kwa daktari. Siku ileile, aliporudi dukani, alimwandikia mteja barua pepe fupi. Alimwomba radhi na kumwambia fedha zake zimerudishwa. Akaongeza hivi: "Fundi aliyeshona kola yako alikuwa fundi bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Ameacha. Kola yako ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Aliniomba nisiweke kadi yake, lakini naona ni haki ujue uliyemwandikia. Ni Mama Satenik Melkonyan, wa Gyumri."

Aikande alikuwepo Arpine alipoisoma. Anasema aliisoma mara moja, akaisoma tena, akafunika kompyuta taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Kuna nini?" Aikande aliuliza.

"Ni mama yangu."

"Mama yako amefanya nini?"

"Yule ambaye hawezi tena. Niliyemwandikia aache." Akaisukuma kompyuta mbali. "Ni mama yangu, Aikande."

Katika miaka yote waliyokaa meza jirani, Aikande hakuwahi kumsikia akimtaja mama yake. Alikuwa amedhani ameshafariki.

"Mpigie simu," alisema.

"Alinikataza."

"Lini?"

"Miaka tisa iliyopita."

Aikande akainuka, akamshika mabega. "Sikiliza, dada. Mimi wa kwangu nilimkuta kwenye picha ukutani, na mashada ya maua yameshakauka. Nilichelewa kufika kwa siku nne. Wako yupo. Chukua mkoba wako uende. Hapa nitawaeleza mimi."

Arpine alisafiri siku hiyohiyo.

Hakuwa na ujasiri wa kwenda Gyumri moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye duka la Vahram. Ilikuwa asubuhi, na watalii walikuwa wakijaribisha hereni mbele ya vioo. Vahram alimkaribisha kama mteja mwingine yeyote.

"Nimekuja kuchukua kola niliyoirudisha," Arpine alisema.

Vahram alimtazama. Tabasamu lake la biashara likaondoka. "Wewe ndiye uliyeandika ile barua."

"Ni mimi. Na Satenik ni mama yangu."

Vahram akatoka nyuma ya meza. Akawaomba radhi wateja wengine, akampeleka chumba cha nyuma, akamvutia kiti.

"Nilimwuliza kama ni ndugu yake," alisema. "Akaniambia kina Melkonyan ni wengi. Sasa naelewa. Ngoja nikuambie jambo ambalo sikuliandika, kwa sababu nilidhani halikuhusu."

Akamweleza. Mwanzoni mwa mwaka daktari alikuwa amemwambia Satenik kwamba jicho lake la kushoto linaweza kuokolewa, lakini lazima lipasuliwe mapema. Walimpangia tarehe nane Aprili. Baada ya hapo asingeruhusiwa kuinamia kazi kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo ndiyo alikuwa ameacha kushona. Alikuwa ameshakubali.

"Kisha likaja agizo lako," Vahram alisema, "na sherehe yenu ilikuwa Mei."

Arpine akaziba mdomo kwa mkono.

"Hakwenda. Nilipompeleka juzi, daktari alimgombeza mbele yangu. Alimwuliza, Aprili ulikuwa wapi? Akajibu, nilikuwa na kazi ya haraka."

"Na sasa?" Arpine aliuliza. "Sasa daktari anasemaje?"

Vahram alitazama chini. "Anasema muda umepita. Anatofautisha mchana na usiku. Zaidi ya hapo hakuna."

Akafungua droo, akampa kola ikiwa imefungwa kwenye karatasi laini. Arpine alitaka kulipa. Vahram akakataa kwa kichwa.

Aliingia Gyumri saa nane mchana. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa amekaa dirishani, sinia la dengu magotini, akizichambua kwa vidole na kutupa vijiwe kwenye bakuli. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

Aliposikia hatua, aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Karibu, Vahram. Kahawa iko jikoni, jihudumie, mwanangu. Leo mikono yangu ina vumbi."

Arpine alisimama.

"Mbona hujibu? Kuna habari mbaya?"

"Mama."

Vidole vya Satenik vikasimama juu ya dengu. Kisha akaanza tena kuchambua, haraka haraka, bila kutupa chochote.

"Vahram," alisema, "mzaha huo si mzuri."

Arpine akavuka chumba, akapiga magoti, akaishika mikono yake. Sinia likaanguka, dengu zikatawanyika sakafuni. Satenik alimgusa nywele, akashuka kwenye paji la uso, machoni, mashavuni, kidevuni. Akarudi machoni. Chini ya jicho kidole chake kikasimama.

"Hapa pana mikunjo," alisema. "Hii umeipata lini?"

"Sijui, mama. Imekuja tu."

"Sikuiona ikija," Satenik alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Walilia wote wawili, bila kuficha. Arpine alisema, "Nisamehe kwa ile barua." Alilirudia mara nyingi. Satenik akaingiza mkono kwenye blauzi yake, akatoa karatasi iliyokunjwa, imeshalainika kwa kushikwashikwa.

"Hii? Miaka tisa sikuwa na mstari mmoja kutoka kwako. Hii imeshikwa na mkono wako. Nilalapo huwa naiweka chini ya mto."

"Mama, ni matusi yale!"

"Najua yanasema nini. Nilisomewa. Lakini mimi ndiye niliyekwambia usinipigie."

"Na mimi ndiye niliyetii. Mara ngapi nilikuwa sikutii? Nikachagua kukutii kwa neno hilo moja."

Baada ya kitambo Satenik alijifuta uso. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu:

"Ulipoivaa, ilikukaa? Vipimo vilikuwa sawa?"

Arpine angeweza kudanganya. Aikande aliniambia kwamba hapo ndipo mwenzake alipokuwa akikwama kila alipomsimulia.

"Sikuivaa, mama," Arpine alijibu. "Niliona kosa, sikuijaribu hata mara moja."

Satenik alitikisa kichwa taratibu. Arpine akaitoa kola kwenye karatasi, akaivaa, akashindwa kuifunga nyuma peke yake. Mama yake akamgeuza, akaifunga, akapitisha vidole shingoni pote, kulia kisha kushoto.

"Imekaa," alisema. "Nilikukumbuka vizuri."

Arpine hakuomba likizo, aliacha kazi kabisa. Alimpeleka mama yake kwa madaktari watatu, katika nchi mbili, na wote walisema maneno yaleyale. Kisha akarudi naye Gyumri, akapata kazi ya kutafsiri nyaraka anayoifanya nyumbani. Kila Jumamosi walikwenda kaburini, Arpine akifagia na Satenik akimwelekeza kana kwamba anaona.

Kila asubuhi Satenik alikuwa na swali moja. "Leo umevaa nini?"

Arpine alimweleza. Gauni la buluu. Sweta la kijani. Hereni zipi. Mama alisikiliza kwa makini sana, uso ameuinua, akijaribu kuichora picha hiyo kichwani. Wakati mwingine alisema, "Ndiyo, nakuona." Lakini Arpine alijua kwamba anayeonwa ni yule binti aliyetoka mlangoni kwa hasira, miaka tisa kabla ya kurudi. Sura hiyo ndiyo ya mwisho aliyomwachia.

Satenik aliishi miaka minne mingine. Alikufa mwezi wa Machi, usingizini, akiwa ameshikwa mkono.

Baada ya mazishi Arpine alimpigia simu Aikande. Hakulia. Alisema, "Nashukuru nilipata miaka minne. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimsomea. Alinisamehe, na mimi nimejisamehe kidogo. Lakini kuna kitu nilimnyima ambacho hata ningekaa naye miaka arobaini nisingeweza kumrudishia. Mama yangu hakuniona tena."

Kisha akakata simu, maana watu walikuwa bado wanaingia kutoa pole.

Funzo: Kazi ya mikono ya mtu ina maisha yake ndani, kwa hiyo kabla hujaitupa kwa maneno makali, uliza kwanza ilimgharimu nini, na aliyekukasirisha ukiwa bado unampenda, mtafute leo angali anaweza kukuona, kwa sababu msamaha huweza kungoja lakini macho hayangoji.